Niligonga Mara Tatu

Kabla hujaanza kujiuliza nimetumwa na nani, nijitambulishe. Mimi ni Mama Tunu, muuza viatu vya mitumba pale Mchikichini, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, na sina ugomvi na mchezo wa mtu yeyote. Mkono wangu wa kulia haushiki kitu kizito kuliko kijiko. Haya yote nimeyaandika kwenye simu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo ukikuta sentensi fupi ujue hapo nilichoka.

Naandika kwa ajili ya yule ambaye leo shingo inamuuma na anajiambia amelalia vibaya. Mimi nilijiambia hivyo kwa siku sita.

Nikiri jambo mapema. Mimi ni mtu wa kushuku, na ni kazi iliyonifanya hivyo. Kiatu cha mtumba kinaweza kung'aa juu, ukikikunja soli inapasuka. Kwa hiyo kila kiatu nakikunja, nanusa gundi, naingiza mkono mpaka kwenye vidole. Mume wangu Seif husema hata yeye nilimkagua hivyohivyo kabla sijakubali posa. Hasemi uongo.

Miaka mitatu kabla ya kuugua nilipigwa roba. Kama hujui, roba ni pale kibaka anapokujia kwa nyuma, anakuzungushia mkono shingoni na kukukaba mpaka miguu inaishiwa nguvu, huku mwenzake anakupekua. Ilikuwa asubuhi kweupe, kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka. Walichukua simu na pochi. Mimi walinibakizia hasira. Jirani yangu sokoni, Hadija, ambaye kizimba chake kinapakana na changu na sote tunamwita Dija, naye alikuwa amepigwa roba mwaka huohuo. Tukaenda pamoja kujiandikisha kwenye klabu moja ya mieleka na kujihami, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia Kariakoo.

Mwalimu wetu, Longino, ni mtu wa Songea, mpole, mwenye masikio yaliyovimba kwa miaka mingi ya mieleka. Alitufundisha kuangushana, kubanana chini, na mwisho kukabana shingo. Hiyo ya mwisho ina jina lake la kigeni, lakini sisi wa sokoni tuliiita roba, maana ndiyo ileile. Na tuliipenda kuliko zote. Kitu kilichokudhalilisha uchochoroni, sasa unacho mkononi mwako mwenyewe. Usingetuambia kitu.

Kinga ya mchezo huu ni kugonga. Ukizidiwa unagonga mkeka wa sponji kwa kiganja, na mwenzako anaachia papo hapo. Klabu nyingine zote ni hivyo. Yetu haikuwa hivyo, na aliyebadilisha ni mimi. Siku moja nilisimama nikasema, "Mwalimu, kwani kibaka ukimgonga anakuachia? Hapa tunajizoesha kudekezwa." Akina mama wakacheka na kunipigia makofi. Tukaweka sheria yetu: kugonga ni mara tatu, na mtu wa pembeni anahesabu kwa sauti ya juu, kwa sababu spika za wauza mapazia kule chini hazimpi mtu nafasi ya kusikia. Moja, mbili, tatu, ndipo unaachia. Mwalimu hakuipenda hata kidogo, lakini sisi ndio tuliokuwa wengi, na wengi wetu tulimzidi umri. Akanyamaza.

Masika yalikuwa ndiyo yanaanza. Jumamosi moja nilikabana na watu watano mfululizo, na Jumapili nikaamka na maumivu upande wa kushoto wa shingo, yakipanda mpaka nyuma ya jicho. Seif akanisugua dawa ya kuchua. Nikaenda sokoni. Katikati ya wiki Dija akanitazama vizuri akaniambia, "Shosti, mbona hilo jicho la kushoto limelala?"

"Limechoka kukuangalia," nikamjibu, tukacheka.

Usicheke wewe. Kama umekabwa shingo, na shingo inauma upande mmoja, na kope imelegea upande huohuo, funga biashara uende hospitali siku hiyohiyo. Sitakueleza kilichokuwa kinatokea ndani ya mshipa wangu, wapo watu wamesomea. Mimi nakuambia nilichokiona kwenye kioo na nikakipuuza.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena mazoezini. Nilikuwa na Dija. Tunu, binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye hufanya mazoezi nasi wikendi, ndiye aliyekuwa akihesabu. Mkono wa Dija ukaingia chini ya kidevu changu, ukabana. Nikagonga. Nakumbuka kiganja changu na ubaridi wa mkeka. Moja, mbili, tatu. Dija hakuachia.

Baada ya hapo nakumbuka feni la darini na nyuso za watu. Upande wangu wa kulia haukuwa wangu tena. Nilitaka kusema "niligonga," mdomo ukatoa sauti ya mtu mwingine, isiyo na neno ndani yake.

Kiharusi, walisema kwenye hospitali kubwa ya Upanga. Mtu akilisikia neno hilo anawaza wazee. Ndugu wa Seif waliokuja kunitazama waliwaza majini, wakaulizana kwa kunong'ona nimekosana na nani. Mimi nilikuwa nimelala pale nawasikia, na jibu nilikuwa nalo. Sikuhitaji mganga. Aliyenifanya hivi anauza viatu hatua mbili kutoka kwangu.

Fikiria mwenyewe. Mwaka uliopita kizimba cha kona kilibaki wazi, kile ambacho kila mteja lazima akipite. Dija alikiomba, nami nilikiomba, na nikapewa mimi. Alinipongeza siku ileile, tena kwa vigelegele. Pale kitandani nikavikumbuka vigelegele vyake kimoja kimoja, nikaona vilikuwa vingi mno.

Na akawa anakuja kila siku. Uji wa mchele ndani ya chupa ya chai, wa moto, wenye iliki. Mtu asiye na kosa anakuja mara moja, anatoa pole, anarudi kwenye shughuli zake. Huyu alifunga biashara mapema akaja kunilisha. Nikawa nageuza uso. Akitoka, nilimwonyesha muuguzi kwa kidole amwage.

Wiki ya pili niliomba kalamu kwa ishara. Kwa mkono wa kushoto nikaandika NILIGONGA, herufi zimelala huku na huku, nikampa. Aliisoma, akaikunja ile karatasi ikawa ndogo sana, akaangalia dirishani.

"Inawezekana, shosti," akasema. "Mimi sikujua."

Basi hapo nikamaliza kesi. Mtu anayesingiziwa angepiga kelele.

Tangu siku hiyo nikawa namshuku kila mtu. Daktari aliniambia nitaendelea vizuri huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, nikajua ananificha. Seif nilimkuta koridoni ananong'ona na Dija, na kiti changu cha magurudumu kilipofika wakanyamaza wote wawili. Nikawaza yale ambayo mke huwaza. Mimi nimepinda mdomo, mate yananitoka kwenye kona, naogeshwa na kuvalishwa kanga kama mtoto, na Dija yuko wima na kiuno chake. Nililia siku hiyo, na Seif akadhani mguu unaniuma.

Na Tunu. Mwanangu hakukaribia kitanda. Alisimama miguuni, akaniamkia, "Shikamoo mama," akauliza kama nimekula, basi. Nikimtazama anatazama sakafu. Hilo liliniuma kuliko mengine, kwa sababu nilidhani ananionea kinyaa.

Mvua zilipokatika nikarudi nyumbani. Tunaishi ghorofa ya tatu, Mchafukoge, na jengo letu lina ngazi hamsini na nne na halina lifti. Nilikuwa nazipanda bila kuzijua kwa miaka kumi na miwili. Sasa nilizijua moja moja, ipi imelika, ipi ni fupi, wapi pa kuegemea. Siku moja nilifika juu, jirani akaniuliza kiatu changu kingine kiko wapi. Kilikuwa kimenivuka kule chini na mguu haukunipa habari. Muuza viatu mzima, natembea na kimoja! Seif alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka kwa upande wangu mmoja. Ndicho kicheko cha kwanza tulichocheka pamoja tangu masika.

Kipupwe chote kilikuwa cha mazoezi ya viungo, Jumatatu na Alhamisi. Kama utapelekwa huko, nakupa siri ya benchi la kusubiria: kaa mwisho kabisa, ukutani, ili upande wako mzima uwe wa nje na uweze kujishikilia ukiitwa. Siri hiyo nilipewa na bibi mmoja wa Kihindi wa hapo Upanga, ambaye naye upande wake ulilala. Nilimshuku kwanza, kwa nini anaacha nafasi nzuri hivyo? Kumbe alikuwa anaona mbali kuliko mimi. Alinionyesha pia kukamua kitambaa kilicholowa, asubuhi na jioni, hata kama linatoka tone moja. Mwezi mzima lilitoka tone moja. Alipokuwa anaulizwa hali yake alisema, "Leo matone manne," na watu wasiojua walimshangaa.

Maneno yakarudi taratibu. La kwanza lilikuwa "maji," la pili "hapana," na la tatu nililitafuta mwenyewe kwa bidii: "niligonga." Nilipoweza kulisema sawasawa nilimwambia Seif kwamba Dija asikanyage tena kwangu.

"Mama Tunu, subiri kwanza," akasema.

"Kwa nini unamtetea?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Nikaliona hilo, nikaliweka akiba.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amesema kwamba nikipanda ngazi mtu anihesabie kwa sauti, ili mguu ufuate mapigo. Seif alihesabu kwa sauti ya mnadani mpaka majirani wakawa wanajua niko ngazi ya ngapi. Tunu alikataa. Alinishika kiwiko, akanisubiri, akanibebea pochi, lakini kuhesabu hakuhesabu. Nikimwambia "hesabu," anasema "panda tu mama." Nikaanza kumvizia. Nilijua pana kitu pale, lakini kwa jinsi kichwa changu kilivyokuwa nilidhani Dija amemlisha maneno.

Vuli ilipoanza Mwalimu Longino alikuja nyumbani. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akasema klabu imegawanyika. Wapo wanaotaka roba iondolewe kabisa, wapo wanaosema ni ajali tu, na Jumamosi watakaa waamue. "Tungependa kukusikia wewe," akasema. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nimepanga kusema nini. Nilikuwa nimepanga kusimama mbele ya wote, nimnyooshee Dija kidole, niseme huyu nilimgonga mara tatu akanikaba makusudi. Kwangu roba haikuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa mtu.

Alhamisi kabla ya siku hiyo, Tunu alinirudisha kutoka mazoezini. Mvua ilikuwa imeingia mpaka kwenye ngazi. Tulipofika kituo cha pili cha ngazi, pale dirishani, nikagoma.

"Sipandi mpaka uhesabu."

"Mama, tunakaribia. Twende."

"Moja ni neno gumu? Nani kakukataza? Dija?"

Akaweka pochi yangu chini, kwenye maji. Uso wake ukakunjamana kama alipokuwa mdogo.

"Mama, siku ile mimi ndiye niliyekuwa nahesabu."

"Najua. Na mimi nikagonga mara tatu."

"Ulipiga mara moja." Aliinua kiganja chake akakilaza ukutani, vidole vimeachana. "Nikasema moja. Nikasubiri mbili. Mkono ukabaki hivi. Nikadhani unavumilia, wewe si huwa unavumilia? Anti Dija akaniuliza, 'Mbili je?' Nikamwambia bado." Akalirudia neno hilo, "bado."

Nilikaa kwenye ngazi, kwenye maji vilevile.

Baadaye akanieleza yaliyobaki. Dija ndiye aliyemshika siku ileile pale hospitali, akamwambia asiniambie kitu mpaka nipate nguvu. Nikitaka kununa, ninune naye, kuliko kununa na mwanangu. Na ile minong'ono ya koridoni ilikuwa juu ya Tunu, kwamba hali chakula, kwamba shule walimu wanalalamika, kwamba anakaa chooni analia. Watu wawili walikuwa wanamlea mwanangu nami nikiwatafutia dhambi.

Kiganja changu nakikumbuka mpaka leo. Moja, mbili, tatu, nazihisi zote. Kumbe niliuagiza mkono mara tatu, nao ukatii mara moja tu, ya pili ilipofika ulikuwa umeshakufa. Wala Dija hakudanganya, wala mimi sikudanganya.

"Tunu," nikamwambia. "Sheria ya kugonga mara tatu aliileta nani?"

Akaokota pochi yangu, akaanza kuikung'uta maji.

"Sema."

"Wewe."

"Basi ndiyo hivyo. Wewe uliifuata tu." Nilimvuta kwa mkono wa kushoto akakaa karibu yangu. Nilikuwa na aibu kubwa, na pia nilikuwa na furaha, maana alinilalia begani, lile la upande mbovu, na kumbe wala hakuwa na kinyaa.

Ijumaa nilikwenda Mchikichini kwa bajaji. Dija alikuwa amepanga viatu vyangu pamoja na vyake, vya kwangu kwenye kona, mbele. Nilisimama mbele yake.

"Shosti, ule uji nilikuwa naumwaga," nikasema.

"Najua. Chupa ilikuwa inarudi imeoshwa vizuri mno. Wewe tangu lini ukaosha chombo vile?" Akanisogezea kigoda. Alikuwa analia na huku anamwambia mteja namba ya kiatu.

Sasa kuhusu Jumamosi. Matokeo nakupa mapema usije ukayasubiri: roba imeondolewa klabuni kwetu, kwa kura chache tu. Tunafundishwa kujinasua, mkono wa mwenzako ukiwa begani na si shingoni. Akina mama wanne wamehamia kwingine na hawanisalimii. Nawaelewa, kwa sababu vibaka bado wapo na shingo zao ni zao. Ninachotaka ukijue ni kilichotokea kabla ya kura.

Mwalimu alizungumza kwa haki. Alisema kosa lilikuwa ile hesabu ya tatu, na kosa lake ni kunyamaza. Turudi kwenye kugonga mara moja, kama wenzetu wote, na roba itakuwa salama. Watu wakaitikia. Mama mmoja akaniuliza, "Si ndivyo, Mama Tunu?"

Nilitaka kueleza kwamba shingo yangu ilikuwa imeumia wiki moja kabla, wakati nilikuwa naachiwa vizuri kila nilipogonga. Nilitaka kueleza kwamba roba inakwenda kichwani, na kichwa ndicho kinachouagiza mkono kugonga, kwa hiyo kinga yenyewe inaweza kuwa kitu cha kwanza kuondoka. Lakini nikiwa na hasira ulimi wangu bado unakwama, na nilijua nitaharibu. Nikavua viatu, vyote viwili, nikahakikisha. Nikaomba nishushwe kwenye mkeka. Dija akanishika upande huu, Mwalimu upande ule. Nikaulaza mkono wa kulia juu ya sponji, kiganja chini.

"Nimezidiwa," nikasema. "Nagonga sasa. Tunu, hesabu."

Tunu akatoka ukutani, akasimama pale pale aliposimama siku ile. Chini spika zilikuwa zinaita wateja wa mapazia. Nikauagiza mkono. Nikauagiza tena. Jasho lilinitoka, kidole cha kati kikatikisika kidogo, kisha hakuna. Watu wote walikuwa wameinama kuutazama mkono mmoja, wakiusubiri.

Nikamwangalia mwanangu. Hakusema moja, wala hakusema bado.

"Mwachie," akasema kwa sauti ya juu, ingawa hapakuwa na mtu aliyenishika.